Kadi Kongwe Zilizosomeka Tena: Maisha ya Zuberi Ngabo wa Biryogo

Waliopo hapa uani Biryogo, mjini Kigali, leo Jumamosi tarehe 18 Septemba 1993, kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda kuswaliwa, ni hawa. Yupo Bi Aidah, mke wa marehemu, chumba cha mbele pamoja na akina mama, na mlango umeachwa wazi ili asikie kila neno. Wapo watoto wake wawili, Ihirwe na Gaju, miguuni pake. Yupo Mzee Haruna Munyaneza, kaka wa baba wa marehemu, aliyeiandika historia hii na anayeisoma kwa niaba ya familia, naye anaisoma kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii tangu babu wa marehemu alipofika hapa na robota za nguo kutoka Ujiji. Yupo Bwana Révérien Mutsinzi, jirani, mwenye duka la kuchapa kadi za harusi njia ya kwenda Nyamirambo. Yupo Daktari Mutoni, aliyemtibu marehemu. Yupo Bwana Ishimwe, aliyeondoka Bujumbura alfajiri alipopata habari kwa simu. Yupo Bi Mukabalisa, muuguzi wa zahanati ya Gisozi, aliyefika muda si mrefu uliopita, na ambaye bado hajakaa. Kiti kilicho karibu naye kimewekwa kwa ajili ya Bi Mukantwari, mama wa Illuminée Uwera, na kitabaki wazi, kwa sababu itakayosemwa mwisho. Na pale langoni, amesimama ingawa ameonyeshwa kiti, yupo Bwana Viateur Ganza, mfanyakazi wa Umoja wa Zahanati za Vilima, na jina lake linatajwa kwa ukamilifu ili asije akachanganywa na Viateur mwingine yeyote wa mji huu. Hakualikwa, wala hakufukuzwa, kwa kuwa msibani hapaitwi mtu wala hapazuiwi mtu.

Marehemu Zuberi Ngabo alizaliwa hapa hapa Biryogo, siku ya Jumapili tarehe 11 Aprili 1954, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa fundi cherehani Nasoro na mkewe Bi Salima, wote wawili wamekwisha tangulia. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea kwa sababu hakutaka kunyanyua mguu wa nyuma mpaka ahakikishe wa mbele umesimama, na waliokuja kufanya naye kazi baadaye wanalijua hilo bila kusimuliwa.

Alianza kusoma nyumbani kabla ya shule, kwa Mzee Munyaneza, aliyesoma zama za Wabelgiji na aliyemfundisha kwamba jina la mtu huandikwa lote na tarehe huandikwa yote, au haviandikwi kabisa. Alisoma shule ya msingi Nyamirambo kuanzia mwaka 1961 hadi 1968, sekondari Bujumbura hadi 1974, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea takwimu, akamaliza mwezi wa Novemba 1978. Mwaka 1986 alipelekwa Nairobi kujifunza kazi ya kompyuta, na huko ndiko alikokutana kwa mara ya kwanza na Viateur Ganza, mwanafunzi mwenzake, kijana hodari, mwepesi wa kuelewa, mwepesi wa kuchoka, na familia inasema hodari kwa kuwa ni kweli, nayo haitaki kushinda kwa uongo.

Alifunga ndoa na Bi Aidah siku ya Ijumaa tarehe 2 Desemba 1983, hapa Biryogo, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto, Ihirwe aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1985, na Gaju aliyezaliwa tarehe 27 Mei 1988. Alikuwa mume mkimya. Bi Aidah anasema kwamba katika ndoa yao waligombana mara nyingi juu ya jambo moja tu, kwamba Ngabo alikuwa hatupi kitu, akiambiwa sufuria limetoboka hujibu, mama Ihirwe, halijatoboka, lina tundu, na tundu huzibwa.

Aliajiriwa na Umoja wa Zahanati za Vilima tarehe 1 Februari 1987, akatunza hesabu za dawa na kumbukumbu za wagonjwa wa Gisozi, Kinyinya na Rebero, na Viateur Ganza akaajiriwa mwaka uliofuata, kwa barua ya kumpendekeza iliyoandikwa na Ngabo mwenyewe. Mwezi wa Machi 1990 ikafika kutoka Nairobi, ndani ya bahasha ya kawaida, programu ya kompyuta inayoitwa Kadi, na kwa kuwa maisha ya marehemu yaliyobaki yote yamo ndani ya programu hiyo, wale wasiojua mambo haya wavumilie kidogo waelezwe. Kadi ni chombo cha kuandikia habari za mgonjwa, jina lake, maradhi yake, dawa alizopewa, na dawa ambazo asipewe. Haikuwa mali ya mtu wala ya kampuni. Ilikuja pamoja na maandishi yake ya ndani, yale yanayoiambia kompyuta ifanye nini, ili kila anayeweza ayasome na ayarekebishe, kwa sharti moja tu, kwamba ukirekebisha usimnyime mwenzako. Wauguzi na watu wa kompyuta wa Nairobi, Bukavu, Bujumbura na Kigali walikuwa wakiishonea viraka na kupeana disketi kwa posta na kwa madereva wa mabasi, na kila mji ulikuwa na mtunzaji mmoja wa kuangalia viraka vimeshonwa sawasawa kabla havijagawiwa. Mtunzaji wa Kigali alikuwa Ngabo.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, vita vilipoanza, Ngabo alikamatwa pamoja na watu wengi wa mitaa hii, akawekwa uwanja wa mpira wa Nyamirambo, akalala chini kwenye baridi na mvua, kisha akarudi bila kuambiwa alikamatiwa nini. Alirudi na kikohozi. Hakulizungumza tena jambo hilo, wala historia hii haitalizungumza zaidi yake.

Aliporudi kazini alikuta toleo la pili la Kadi limefika. Lilikuwa zuri kuliko la kwanza, na lilipanga habari kwa namna nyingine, na kadi zilizoandikwa kwa toleo la kwanza lilikuwa halizijui. Ngabo akakaa nalo akalijengea mlango, yaani sehemu ya maandishi ya ndani ambayo kazi yake ni kutambua kadi ya zamani na kuisoma. Lilipokuja toleo la tatu, mwanzoni mwa 1992, akajenga mlango mwingine kwa ajili ya kadi za toleo la pili, na wa kwanza akauacha ulipo. Akaweka na desturi, ambayo miji mingine iliiga, na Bwana Ishimwe, mtunzaji wa Bujumbura, aliyeketi hapa, ni shahidi, kwamba kabla ya toleo jipya kugawiwa, kila muuguzi alete kadi kongwe kuliko zote za zahanati yake, ifunguliwe mbele ya wote, isomwe kwa sauti mpaka mstari wa mwisho, na mpaka hapo chai isimiminwe. Wauguzi walimtania kwamba chai ya Ngabo ina kiingilio. Walikuja hata hivyo.

Familia haitasema kwamba Ngabo alikuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi. Kila mlango wake ulizaa vijilango vyake mpaka ndani ya Kadi pakawa hapapitiki ila na yeye, kikirekebishwa hiki kinalegea kile, na kompyuta ndogo ya Kinyinya ikawa inachelewa kufungua mpaka muuguzi wa huko akawa anateleka chai kwanza ndipo aiwashe. Viateur alisema mbele ya watu, na watu wakacheka, na Ngabo naye akacheka kidogo, "Yewe Ngabo, hii si programu tena, iko nyumba ya mitala, kila mke na chumba chake, kila chumba na mlango wake, na funguo zote ziko kiunoni kwa mume." Ngabo akamjibu, "Afadhali milango mingi kuliko mgonjwa kulala nje." Viateur akashauri kadi zote za zamani zigeuzwe mara moja ziwe za kisasa, na milango ing'olewe. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Ulijaribiwa Kinyinya tarehe 12 Agosti 1992, jenereta likazimika katikati ya kazi, na kadi za wajawazito wa kilima kizima zikapotea, zikaandikwa upya kwa kuwauliza kina mama mmoja mmoja. Tangu siku hiyo Ngabo hakutaka kusikia neno kugeuza. Alikuwa akisema, usiache mbachao kwa msala upitao, na Viateur akawa anamwita Mzee Mbachao, hata mbele ya wakubwa.

Mwezi wa Machi 1993 kikohozi kilimlaza marehemu kitandani, na pafu la kushoto likaonekana limeharibika. Akamkabidhi Viateur kazi ya utunzaji mpaka atakapopona, akamwomba jambo moja, kadi kongwe zifunguliwe. Viateur akasema, "Lala mzee wangu, hiyo ni kazi ya chai tu."

Tarehe 3 Mei 1993 Viateur Ganza alitoa toleo la nne. Lilikuwa jepesi na lenye kasi, na milango yote miwili ilikuwa imeng'olewa. Kadi kongwe hazikufunguliwa. Hakuna muuguzi aliyeitwa, wala maji ya chai hayakutelekwa. Na kwenye ukurasa wa kwanza, ule unaotokea kompyuta inapowashwa, liliachwa jina la mtunzaji kama lilivyokuwa tangu mwaka 1990, Zuberi Ngabo. Wauguzi walipoliona jina hilo wakaamini, kama walivyozoea kuamini. Na kwa kuwa disketi zilikuwa adimu, barabara ya kaskazini ikiwa imefungwa na vita, kila mmoja aliandika toleo jipya juu ya disketi ile ile yenye toleo la zamani, na kwa hiyo, kuanzia wiki hiyo, hapakuwa na kitu katika vilima vitatu kilichoweza kusoma kadi za kabla ya mwaka 1992. Ubaya zaidi ni kwamba toleo la nne halikusema haliwezi. Lilifungua kadi ya zamani, likaonyesha jina, na chini ya jina nafasi tupu, kana kwamba mgonjwa huyo amefika kwa mara ya kwanza na hana historia.

Siku ya Jumanne tarehe 15 Juni 1993 alifikishwa zahanati ya Gisozi Illuminée Uwera, msusi wa vikapu, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, akiwa na homa kali, asiweze kujibu maswali, naye mama yake alikuwa shambani Rebero. Bi Mukabalisa alifungua kadi yake. Ilikuwa tupu. Akamchoma penisilini, kama ambavyo muuguzi yeyote angefanya. Kadi ya Illuminée, iliyoandikwa mwezi wa Aprili 1990 na Bi Mukabalisa huyo huyo, ilikuwa na mstari unaosema mwili wake hauvumilii penisilini, asipewe kamwe. Illuminée alizimia kabla sindano haijawekwa chini, akapelekwa hospitali mjini, roho ikarudi, kauli haikurudi.

Kamati ya Umoja ilikaa tarehe 25 Juni, bila Ngabo, ambaye alikuwa hawezi kupanda ngazi. Mwenyekiti akauliza toleo hili ni la nani. Viateur Ganza, aliyekuwa ameketi karibu naye, alisema, "Jina lililoandikwa pale ndilo lenye kujibu." Bi Mukabalisa akasimama, akasema, "Lakini Ngabo yuko kitandani tangu Machi, sisi wote tunajua." Viateur akasema, "Kitandani ndiko anakofanyia kazi siku hizi." Baadhi yao walicheka. Familia inayo majina ya waliocheka, na leo haitayasoma, kwa sababu wawili kati yao wamekuja kutuzikia, na wameleta mchele. Tarehe 2 Julai 1993 Ngabo alifukuzwa kazi kwa barua.

Alipoletewa habari hizo aliuliza tu, "Nani alileta kadi kongwe?" na alipoambiwa hakuna aliyeleta, aligeukia ukutani. Baadaye alimwomba jirani yake, Bwana Révérien, amwazime kompyuta ya dukani, nayo ikabebwa na kuwekwa kando ya kitanda, juu ya cherehani ya marehemu baba yake. Umoja uliweza kumfukuza ofisini, lakini hapakuwa na mtu wa kumfukuza ndani ya Kadi, kwa kuwa Kadi haikuwa ya mtu. Akalichukua toleo la nne la Viateur, lile lile, akaanza kulifanyia kazi kati ya kikohozi na kikohozi. Safari hii hakujenga milango mitatu, mmoja kwa kila toleo la zamani. Alijenga mmoja, mpana, unaoiuliza kila kadi wewe umeandikwa kwa toleo lipi, kisha unaisoma kwa lugha yake, na pembeni ya kila hatua akaandika maelezo kwa maneno ya kawaida, ili mtu yeyote aweze kuingia na kutoka bila yeye. Kwamba nyumba ya milango mingi ilikuwa kosa, hilo alijifunza kwa Viateur Ganza. Alilichukua, na hakumshukuru.

Watu wema walimshauri asamehe. Daktari Mutoni alimwambia kwamba kinyongo kinakula pafu, naye akajibu, "Daktari, hili limekwisha liwa, acha kinyongo kimalize lile lingine." Bi Aidah, siku moja akimlisha uji, alimuuliza, "Baba Ihirwe, utaondoka na jambo hili moyoni?" Akasema, "Siondoki nalo. Ninaliacha." Hakusamehe, na familia haioni sababu ya kumvika leo msamaha ambao hakuutoa, kwani sanda yake imeshonwa vizuri na inatosha.

Alichoacha ni hiki. Alimaliza toleo lake siku ya Jumapili tarehe 12 Septemba. Kadi kongwe zililetwa humu chumbani, ya Gisozi, ya Kinyinya na ya Rebero, zikafunguliwa moja moja, na Ihirwe akazisoma kwa sauti mpaka mistari ya mwisho, ndipo Bi Aidah akamimina chai. Kisha marehemu akaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake, nao unasema hivi, "Toleo hili linasoma kadi zote tangu mwaka 1990. Toleo la nne halikuzisoma. Lilitolewa na Viateur Ganza tarehe 3 Mei 1993, si na Zuberi Ngabo, na kadi kongwe hazikufunguliwa. Illuminée Uwera wa Gisozi hasemi tangu tarehe 15 Juni." Ukurasa huo hukaa kwenye kioo mpaka mtu abonyeze kitufe, na utakaa hivyo kila asubuhi, katika kila zahanati itakayotaka kusoma kadi zake za zamani, nazo zote zinataka. Anayependa kuufuta anaruhusiwa. Sharti la Kadi ni hilo, kila mtu anaweza kurekebisha, na marehemu hakulivunja. Lakini maandishi ya ndani yanasomwa na wote, kutoka Nairobi hadi Bukavu, na atakayeufuta ataonekana ameufuta.

Marehemu alizidiwa siku ya Jumatano, akafariki dunia jana, Ijumaa tarehe 17 Septemba 1993, baada ya swala ya magharibi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mkewe na Mzee Munyaneza wakiwa kando yake. Ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inamshukuru Daktari Mutoni, ambaye alikuja kwa miguu siku ambazo magari yalizuiwa vizuizini. Inamshukuru Bwana Révérien kwa kompyuta na kwa kutouliza itarudi lini, na majirani wote wa Biryogo, Waislamu na Wakristo, kwa kuni, mikeka na mahema. Inamshukuru Bwana Ishimwe na watunzaji wa miji mingine. Inamshukuru kwa namna ya pekee Bi Mukabalisa, aliyesimama katika kamati, na familia inamwambia mbele ya wote kwamba mkono wake hauna hatia.

Tukirudi kutoka makaburini tutanawa mikono hapa uani, kama ilivyo desturi ya nchi hii. Maji hayanyimwi mtu. Kando ya beseni ipo meza, na juu ya meza zipo disketi zenye toleo la marehemu, moja kwa kila zahanati na kila mji, nazo pia hazinyimwi mtu. Ya ofisi ya Umoja imewekwa peke yake, upande wa lango, na Bwana Viateur Ganza anaombwa aichukue mwenyewe, akishanawa, wakati wote tupo.

Ngabo, kaa kwa utulivu ulikokwenda, kadi yako imefungwa na kila mstari wake unasomeka.

Linabaki tangazo moja. Disketi zilizo mezani ziliandikwa juzi, na mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza hauko sahihi tena. Habari imeletwa na Bi Mukabalisa akitokea hospitali, na ndiyo sababu ya kiti kile kuwa wazi. Kila atakayechukua disketi atausahihisha mstari huo mwenyewe, na Bwana Viateur Ganza atausahihisha wa kwake kwa mkono wake. Illuminée Uwera alifariki leo asubuhi.